Taa Isiyozimwa kwa Mkono

Mke wangu hakuwahi kuzima taa ya Bikira kwa mkono wake. Kwao Kasugho, karibu na msitu, mama yake alikuwa akiwasha kipande cha mshumaa mbele ya sanamu ndogo kila jioni. Walisali, kisha wakakiacha kiishe chenyewe. Hakuna aliyekipuliza. Kilipofika chini kwenye ubao kilinywea, kikatoa moshi mwembamba, na hapo ndipo watoto waliruhusiwa kusimama. Sijui desturi hiyo ilitoka wapi. Padri mmoja tuliyemuuliza alicheka, akasema hajaisoma popote, ila hakuona dhambi ndani yake. Mke wangu alitosheka na jibu hilo.

Tulipooana nilimleta Bulengera, hapa Butembo, kwenye nyumba yangu ya mbao iliyoegemea kibanda ambamo natengeneza redio na kuchaji simu za watu. Masomo yangu yaliishia katikati ya sekondari, kazi hii ndiyo niliyobaki nayo. Kila kitu kwetu kilitegemea batri moja kuukuu na sola iliyo juu ya bati. Mchana batri ililisha simu za wateja, jioni ilitupa mwanga. Nilimtengenezea kona ya sala: kibao ukutani, sanamu ya plastiki aliyokuja nayo kwenye sanduku la nguo, na ampuli ndogo, balbu ya umeme, juu yake. Nilijivunia ile ampuli. Mshumaa unatoa moshi, unachafua ukuta, na ukisahaulika unaunguza nyumba.

Jioni ya kwanza tulisali kumi moja la rozari, yaani Salamu Maria kumi. Nilipomaliza nikasimama nibonyeze swichi. Alinishika pindo la suruali.

“Unafanya nini?”

“Nazima.”

“Hapana kuzima. Taa ya Bikira haizimwaka. Itakwisha yenyewe.”

“Mama, hii haiko mushumaa. Itakwisha yenyewe namna gani? Itakula batri mpaka asubuhi.”

“Basi ikule.”

Ikala. Asubuhi batri ilikuwa tupu, mawingu yalikuwa yamekaa juu ya vilima kama kawaida ya huku, na sola haikuwa na la kufanya. Mteja wa kwanza alikuwa kijana wa taksi ya pikipiki. Aliibonyeza simu yake, akaitazama, akanitazama.

“Fundi, nilikuachia mugeni. Amelala kwako, lakini hakukula kitu.”

Watu waliokuwa barabarani walicheka. Mke wangu naye alikuwa mlangoni na sahani ya maharage mikononi, akacheka pamoja nao. Lakini jioni taa iliwaka tena, na hakuizima. Mimi nilingoja asinzie kisha nikaibonyeza swichi kwa siri, na asubuhi alijua. Hakugombana. Alisema tu kwamba sasa nyumba yetu ina mtu anayempuliza Bikira. Maneno hayo yalinikaa moyoni zaidi ya ugomvi.

Ndipo nikaanza kufikiria taa inayojizima. Nilitaka taa yenye mwisho wake ndani yake, kama mshumaa, bila mkono wa mtu kuigusa.

Kazi nilijifunza Beni, kwa mzee mmoja Mwislamu mwenye duka la kutengeneza redio karibu na soko. Nilikaa kwake ujanani, nikala kwake, nikafunga naye nusu ya Ramadani moja kwa sababu ya aibu ya kula peke yangu. Nilipomwendea na shida ya mke wangu hakushangaa. Aliniuliza tu taa ikae muda gani.

“Ya Salamu Maria kumi, muzee.”

“Miye najua Salamu Maria yenu iko murefu namna gani?”

“Si murefu sana.”

“Weye ulikuwaka unasali mbio mbio. Nilikuwa nakusikia pale nyuma. Kama mutu mwenye basi inamuacha.”

Kisha akachukua kalamu, akanichorea juu ya katoni ya redio. Nitaeleza kama alivyonieleza, kwa sababu ndivyo ninavyoielewa hadi leo. Kuna kikopo kidogo cha bati tunachokiita kondansateri. Hicho ni bidoni, dumu la kuwekea maji. Ukibonyeza kitufe, bidoni linajaa umeme mara moja. Ukiachia, umeme unatoka polepole kupitia rezistansi, ambayo ni tundu dogo chini ya bidoni. Tundu likiwa dogo zaidi, bidoni linachelewa kuisha. Mbele ya tundu anakaa transista, mlinzi anayetazama maji. Maadamu maji yanatiririka, anashika kamba. Kamba hiyo inavuta rele, na rele ni mlango tu wa chuma: ukivutwa, taa inawaka. Maji yakipungua mno mlinzi anaachia kamba, mlango unajifunga, taa inazimika. Hakuna aliyegusa kitu.

Nilirudi Butembo na vipande hivyo ndani ya karatasi ya sukari. Rele niliitoa kwenye stabilizateri iliyokufa, kile kifaa cha kusawazisha umeme. Nililehemu vyote juu ya kipande cha ubao mwembamba, siku mvua iliponyesha na hakuna mteja aliyekuja. Nakumbuka ile mvua. Ilipiga bati hadi sikusikia chochote kingine, na moshi wa risasi ya kulehemu ulikuwa ukipanda mbele ya macho yangu, na nyuma ya moshi mke wangu alikuwa akichambua mchele mlangoni. Sijui kwa nini mchana ule unanirudia zaidi ya mchana mwingine wowote. Hakuna kilichotokea.

Jaribio la kwanza transista iliungua. Nilikuwa nimesahau diode, kidude kidogo kinachokaa kando ya rele. Rele ikiachia, ule msokoto wake wa waya unarudisha umeme kwa nguvu, kama mbuzi aliyevutwa kamba kisha akaachiwa, na diode ndiyo inayopokea teke hilo. Mzee alikuwa ameichora. Mimi ndiye sikuitazama.

Jaribio la pili lilifanya kazi, ila mwanga ulidumu hadi Salamu Maria ya tatu tu. Mke wangu aliitazama ile ampuli gizani.

“Hii Bikira yako iko na safari?”

Nikaweka transista mbili, moja ikiisukuma nyingine, ili mlinzi atosheke na maji machache mno na tundu liweze kuwa dogo sana. Pale kwenye tundu nikaweka kile kifundo cha kuongezea sauti, nilichokitoa kwenye redio mbovu, ili niweze kurefusha au kufupisha muda kwa kuzungusha kidogo. Kisha nikafanya kosa ambalo bado linanichekesha. Nilikaa kibandani mchana, peke yangu, nikasali kumi moja kwa Kiswahili, kwa mwendo wangu, nikazungusha kifundo hadi rele ikagonga kwenye Amina yangu. Nikamwambia imekamilika.

Jioni taa ilizimika akiwa bado katikati. Aliendelea gizani hadi mwisho, bila haraka. Alipomaliza akaniuliza:

“Ulipima sala ya nani?”

“Ya kumi moja.”

“Kumi moja ya nani?”

Yeye alisali kwa Kinande, kama mama yake, na kati ya Salamu Maria moja na nyingine alikaa kimya kidogo. Nilidhani anavuta pumzi. Basi nikaanza upya. Jioni baada ya jioni nilikaa kando ya kibao na turnavisi, bisibisi ndogo, mkononi, yeye amepiga magoti, nami nikizungusha kifundo kidogo kidogo, kiasi cha unene wa ukucha. Taa ilimtangulia, kisha ikamchelewea, kisha ikamtangulia tena. Aliuvumilia mchezo huo wote. Jioni moja akasema Amina, na rele ikagonga palepale, tak, kama mtu aliyeitikia kutoka ndani ya ukuta. Tulitazamana. Alifunika mdomo kwa kitenge, mabega yakimtikisika kwa kicheko, kwa sababu alikuwa bado mbele ya Bikira.

Baadaye akasema imekuwa vizuri, ila inazimika kama mtu aliyepigwa kofi. Mshumaa wa kwao ulinywea. Nikaongeza kondansateri nyingine nyuma ya rele, upande wa ampuli. Rele ikishaachia, mwanga unaondoka taratibu: unakuwa wa njano, unakuwa kama kaa la moto, kisha huuoni, ila hujui ni lini uliacha kuuona.

“Sasa inalala,” akasema. Hakuigusa tena mada hiyo.

Tuliishi hivyo miaka mingi. Kila jioni nilimaliza kabla yake. Sikuweza kuacha mbio zangu. Mimi nilisema Amina, kisha nikakaa nikimsubiri, na huo ndio muda niliomwona vizuri. Mchana alikuwa na kazi zake, mimi nilikuwa nimeinamia redio za watu. Lakini katika kile kipande cha jioni sikuwa na la kufanya. Mwanga ulimwangukia upande mmoja wa uso. Midomo yake ilitembea. Nje, pikipiki zilipanda mlima, mtu alimwita mtoto wake, mikaratusi ilivuma. Yeye alikuwa mahali pengine, mimi nilikuwa mlangoni pa mahali hapo, na nilikuwa na furaha, ingawa wakati ule sikuiita hivyo.

Alikufa kwa ugonjwa wa figo, hospitalini, mchana. Tulimzika kwa heshima. Watu walijaa uani, wakaota moto, wakaimba, wakala, kisha wakarudi kwao mmoja mmoja kama inavyopasa. Binti yetu aliyeolewa Goma alibaki kidogo, naye akarudi kwa watoto wake. Jioni ile nilibonyeza kitufe mwenyewe. Nilisali, nikamaliza, mwanga ukabaki. Nikakaa. Kwa kitambo hicho, mahali pake kando yangu hapakuwa mahali pa mtu aliyekufa. Palikuwa mahali pa mtu ambaye bado anasali.

Sitasema kwamba nilimwona. Sikumwona. Nasema tu kwamba taa ilikuwa ikimsubiri, na mimi niliingia ndani ya kusubiri huko.

Baada ya miezi kadhaa niliona kwamba nakaa muda mfupi zaidi. Kwanza nilidhani nimejifunza kusali polepole. Kisha jioni moja rele ikagonga kwenye Amina yangu kabisa, na nikaelewa. Ndani ya kondansateri mna majimaji, na kwa miaka, kwa joto la bati, yanakauka. Bidoni lilikuwa linapungua. Kifundo kilikuwa kimefika mwisho wake, hakikuzunguka tena. Wiki chache baadaye taa ilizimika nikiwa bado na Salamu Maria mbili za kusali.

Kondansateri mpya si kitu kigumu kupata. Tatizo langu lilikuwa jingine. Vipande hivi havilingani. Ukibadilisha kimoja lazima uanze kupima tena, na kipimo changu kilikuwa kaburini. Sikuwahi kuupima ule muda kwa saa. Nani anapima sala ya mke wake kwa saa? Urefu wake haukuwa mahali pengine popote, isipokuwa ndani ya kile kikopo cha bati, na kikopo kilikuwa kinakauka mbele yangu. Nilijaribu kukumbuka. Nilikaa nikijaribu kusali kama yeye, kwa Kinande, na kunyamaza alipokuwa akinyamaza. Kila mara ilitoka tofauti. Niligundua kwamba naukumbuka uso wake, kitenge chake, hata lile kovu la jembe kwenye kidole, lakini mwendo wake sikuuweka. Nilikuwa nimeuachia ile taa iutunze.

Nikaenda Beni. Kulikuwa na ukungu hadi kupita Kabasha, na miti ilitokea kando ya barabara mmoja mmoja na kupotea. Mzee alikuwa amezeeka, anatumia miwani miwili kwa wakati mmoja, lakini alinijua kwa sauti.

“Pole, mutoto yangu. Nilisikia. Mungu amurehemu.”

“Asante, muzee.”

Aliipima ile kondansateri kwa mita yake ya mshale. Mshale uliruka kidogo, ukarudi.

“Imekwisha. Imezeeka kama miye, lakini miye bado najaza kidogo.” Akafungua kopo la vipande, akanitolea mpya. “Unataka dakika ngapi, nikupatie na rezistansi yake?”

“Sijui.”

“Fundi gani hajui dakika?”

“Ilikuwa sala ya muke yangu, muzee. Nilipimia yeye.”

Alivua miwani moja akaipangusa kwa kanzu. Nje mtu alikuwa akishusha magunia ya kakao kutoka Mabalako, na harufu yake ilijaza duka, chungu na tamu.

“Hana ndugu?” akauliza hatimaye. “Alijifunza kusali kwa mama yake. Ule mama hakuzaa mutoto moja.”

Hilo halikuwa limenijia kichwani. Niliona haya kidogo, kisha nikacheka, naye akacheka. Hatukuwa tumecheka pamoja tangu ujana wangu.

Mdogo wa kike wa mke wangu bado analima Kasugho. Alikuwa aje kwa misa ya ukumbusho, basi nikamwomba atangulie siku chache. Alifika na kikapu cha maharage na sauti inayosikika hadi nyumba ya tatu.

“Shemeji, wabwana wengine banaita shemeji juu ya shamba ao juu ya mangombe. Weye umeniita kutoka Kasugho juu ya ampuli?”

“Ndiyo, shemeji.”

“Na njia yote ile ya matope.”

“Ndiyo.”

“Yaya aliolewa na mutu wa ajabu,” akasema juu ya dada yake, akaketi kuvua viatu.

Jioni nilikuwa nimeshalehemu kondansateri mpya. Nilikaa kando ya kibao na turnavisi, mahali pangu pa zamani. Yeye akapiga magoti. Mara ya kwanza alikatiza kwenye ya nne kwa sababu alisikia maharage yakifurika jikoni. Mara ya pili alikatiza kumfukuza kuku. Mara ya tatu alizama. Sauti yake ni nene kuliko ya dada yake, lakini mwendo, Mungu wangu, mwendo ulikuwa uleule. Nilitazama chini nisione uso wake, nisikie tu.

Na kwa kuwa nilikuwa karibu nikisikiliza kwa makini, nilisikia kwamba kile kimya cha katikati hakikuwa kimya. Alinong'ona kitu, kila mara tofauti.

Alipomaliza nikamuuliza.

“Ni majina,” akasema. “Kila Salamu Maria iko na mutu yake. Ya kwanza ni babu, ya pili ni mukaka yetu mwenye alikufa mutoto, inaenda hivyo mpaka ya kumi ni mama. Mama mwenyewe alitupangia, akatuachia fasi yake pale mwisho. Yaya hakukuambia?”

“Hapana.”

“Hukuuliza?”

“Nilifikiri anapumua.”

Kwa mara ya kwanza sauti yake ilishuka.

“Sasa wamekuwa kumi na moja. Nilifikiri nitamuweka Yaya wapi. Nimemuweka na mama, pale mwisho. Banakaa wawili.”

Tulisali tena kesho yake, na keshokutwa, hadi siku ya misa. Nilizungusha kifundo kidogo kidogo, kiasi cha unene wa ukucha. Jioni ya mwisho kabla hajaondoka alifika kwenye ya kumi, akanyamaza, akanong'ona jina la mama, akanong'ona jina lingine, na akasema Amina. Rele ikagonga. Mwanga ukawa wa njano, ukawa kaa, ukalala. Tulikaa gizani. Hakufanya utani wowote.

Sitaki kudanganya. Sijui kama huo ndio urefu wake. Huenda ni urefu wa shemeji yangu, aliyezoea kupanda vilima na ana pumzi nyingi. Tena kuna jina moja zaidi ambalo zamani halikuwepo, kwa hiyo taa ya sasa lazima iwe ndefu kidogo kuliko ile aliyoijua. Nilifikiria kukirudisha kifundo nyuma kiasi hicho. Sikufanya hivyo.

Asubuhi batri bado ina nguvu, na simu za wateja zinakula. Jioni nabonyeza kitufe na kupiga magoti. Nasali kwa Kiswahili, mbio, sijaweza kubadilika, ila sasa naweka majina yao, yale shemeji aliyonifundisha. Namaliza mapema. Nakaa na mikono magotini, nikitazama mwanga juu ya mahali pake, na pikipiki zinapanda mlima. Mimi nimemaliza, yeye bado. Kisha mlango mdogo wa chuma unaachia ukutani, mwanga unashuka, na sigusi kitu.